Tairi Tatu za Mpwa

Mwizi mwenye akili zake angebeba tairi zote nne. Zaure angemlaani, angelia kidogo, kisha angeanza upya. Lakini aliyepita nyumbani kwake wiki ile hakuwa mwizi. Alikuwa mpwa wa mumewe, na kwa Wakazakh wa milima ya Kegen mpwa ana mkono wake. Mtoto wa dada akifika kwa wajomba akanyoosha kidole na kusema hiki nakitaka, haulizwi kwa nini. Awe farasi, awe mbwa wa kuwindia, liwe koti la manyoya, anachukua na anabarikiwa juu yake. Ila asizidishe vitu vitatu. Wazee walijua walilolisema waliposema heri waje mbwa mwitu saba kuliko mpwa mmoja, na bado hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumfungia mlango.

Zaure alikuwa kwa mama yake siku mbili, akisaidia kazi ya farasi aliyechinjwa kwa akiba ya majira ya baridi: kuosha matumbo, kushindilia nyama na mafuta, kufunga soseji. Alirudi kwa gari la jirani, mikono ikinuka kitunguu saumu, fungu lake la nyama limelala mapajani. Aliposhuka, kabla hajatazama mlango wala moshi wa jiko, alitazama gari lake. Ndivyo alivyozoea. Wengine huwatazama watoto kwanza, na Zaure hakuona haya kwa hilo, maana gari hilo ndilo lililomrudishia mtoto.

Miaka kumi na mmoja alipika katika kantini moja ya Almaty, akimwona binti yake Akbota sikukuu kwa sikukuu, mpaka mtoto akawa anamwita bibi yake mama, na Zaure anamwita "yule wa mjini". Kisha akanunua gari, la Kijapani, kuukuu, usukani upande wa kulia, lakini linavuta kwa magurudumu yote manne na haliogopi theluji. Akaanza kubeba abiria kupita mlimani, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Sasa alilala kwake. Gari likifa, anarudi kwenye masufuria ya watu. Hilo alilijua yeye, alilijua Akbota, na Serikbol mumewe alitakiwa alijue.

Gari lilikuwa limesimama vibaya. Mgeni asingeona kitu, lakini mwenye gari aliona. Tairi ya nyuma kulia ilikuwa yake, mpya, ya barafu, vichuma vyake vinametameta. Tatu nyingine zilikuwa za mtu mwingine: nyeusi za kale, zimepasukapasuka ubavuni, na zimenyanyuka kuliko ile yake.

"Serikbol!"

Mumewe alitoka na bakuli la chai mkononi, uso umeng'aa. "Karibu, mama Akbota. Soseji umeleta?"

"Tairi zangu ziko wapi?"

"Si hizo hapo?"

"Nakuuliza zangu."

"Aa," akasema Serikbol, akanywa funda moja. "Erkebulan alikuja. Kaja na mkono wake, bwana! Kakaa, kanywa chai, kasema, Mjomba, leo nimekuja kuchukua haki yangu. Moyo ukanidunda. Nikajua anamtaka yule dume mweusi. Wallahi nilishaanza kumuaga farasi wangu kimoyomoyo. Kumbe mtoto anataka tairi tu! Nikamshukuru Mungu."

"Kwa hiyo farasi wako kapona, gari langu ndilo lililoliwa."

"Usiseme hivyo. Tena kijana ana adabu yule. Mila inasema vitatu, kachukua tatu. Hii ya nne kasema, Mjomba, mwachie mkaza mjomba, nisije nikaonekana mroho."

Zaure aliitazama ile moja aliyoachiwa kwa adabu.

"Na hizi?"

"Za gari la kaka Orynbay, lile lililooza bandani. Nati zimeingia barabara."

"Ni kubwa kuliko yangu, Serikbol."

"Kubwa si ndiyo nzuri? Limenyanyuka kidogo, halitakwaruza theluji. Farasi naye kwato zake nne hazilingani, mbona anakimbia?"

Alikuwa mchungaji, mtu wa kwato. Hapo angeweza kusamehewa. Lakini kulikuwa na jambo lisilosameheka, nalo ni kwamba alifurahi. Alikitoa kilicho cha mwenziwe, akabariki, akala sifa za mjomba mkarimu, na jioni ile alilala usingizi wa mtoto mchanga wakati mkewe amekodoa macho darini. Kesho yake Zaure alikuwa na abiria watatu aliokwisha kuwaahidi. Alijiambia ataendesha polepole. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko alivyomlaumu mtu yeyote.

Kwenye barabara iliyonyooka, gari lilikwenda. Lililia sauti ya chini ambayo hakuwahi kuisikia, lakini lilikwenda. Mlimani, kwenye kona ya kwanza, lilianza kushikashika, likirukaruka kama punda asiyetaka kuvuka daraja. Zaure alikata usukani, usukani ukamrudisha. Lami hapo ilikuwa kavu, theluji yote imepeperushwa, na kila tairi iling'ang'ania njia yake.

"Mwanangu," alisema bibi aliyekaa mbele, aliyekuwa akienda mjini kumwona mjukuu mchanga, "unachoma kitu?"

"Hapana, bibi."

"Basi kuna kitu kinachoma chenyewe."

Harufu iliingia kupitia sakafuni, harufu ya oili iliyoungua. Zaure alisimama pembeni. Aliweka kiganja chini ya tumbo la gari, akakitoa haraka. Palikuwa moto kama jiko la mkate. Alisimamisha gari la mtu mwingine, akawahamishia abiria wake humo, akawaomba radhi mmoja mmoja. Bibi alimshika shavu akamwambia asilie. Zaure hakuwa analia. Alikuwa ameuma meno tu, kwa nguvu kiasi kwamba taya lilimuuma mpaka jioni.

Aliteremka kwa gia ya chini mpaka Kegen mjini, kwa fundi Ablimit, Mwuighuri mnene anayetengeneza magari ya wilaya nzima na hutukana magari kwa lugha nne. Ablimit hakufungua boneti. Alizunguka gari mara moja, akarudi kwenye tairi ya nyuma kulia, akakunja uso.

"Dada Zaure, nani kakufanyia hivi?"

Alitoa kamba mfukoni, akaizungusha kwenye ile tairi mpya, akaifunga fundo. Akaizungusha kwenye ile nyeusi ya pembeni yake. Kamba ilipungua kwa vidole vinne.

"Unaona? Hii ikizunguka mara moja, imefika hapa. Hii kubwa imefika pale. Gari la kawaida magurudumu mawili huvuta, mawili hufuata kama kondoo, halijali sana. Hili lako yote manne yamefungwa pamoja na yote yanavuta. Hatua zikitofautiana, kila mzunguko mmoja anamburuta mwenzake. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, dada, na ngozi yenyewe ni giaboksi yako."

"Imekufa?"

Ablimit alilala chini ya gari, akafungua nati, akakinga oili kiganjani. Alitoka akaisugua kwa vidole viwili kwenye mwanga wa mlango, akainusa.

"Imeungua, lakini haijasagika. Vumbi la chuma ni kidogo. Ungepanda mlima wote, ungekuwa unaniletea maiti." Alijifuta mikono. "Nitakutilia oili mpya. Lakini kwa tairi hizi sikuruhusu utoke hata getini. Nne, saizi moja, zimechakaa sawasawa. Si tatu na moja."

"Niuzie tairi tatu za saizi yangu."

"Za barafu? Mwezi huu? Hapa kwetu hazipo, na huko mjini wakileta ni mwezi wa pili. Zile zako ziko wapi?"

"Kachukua mpwa."

"Tatu?"

"Tatu. Kwa adabu."

Ablimit alimtazama, akaelewa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi mbovu, tumbo likitikisika. Kisha akaona uso wa Zaure, akanyamaza, akaenda kutafuta chombo cha kukingia oili.

Zaure alimpigia mumewe simu hapo hapo, akasimama kando ya theluji iliyorundikwa, akamweleza kila kitu, kamba, vidole vinne, oili iliyoungua. Alimaliza kwa kusema, "Nakwenda kuzichukua."

"Usithubutu!" alisema Serikbol. "Kitu alichochukua mpwa hakidaiwi. Tangu babu zetu hakuna aliyedai. Unataka watu wanicheke?"

"Giaboksi ikifa nitarudi kantini, Serikbol. Unalijua hilo?"

"Tutaona. Mungu yupo."

"Mungu yupo, na tairi ziko kwa Erkebulan."

"Zaure, nakuomba. Usimkaripie, usimguse. Anayempiga mpwa mkono wake hutetemeka mpaka anaingia kaburini."

"Wangu umeshatetemeka tangu asubuhi, nikishika usukani," alisema, akakata simu.

Aliazima pikapu ya Ablimit, jeki na spana ya msalaba. Ile tairi ya nne aliiacha gereji. Erkebulan aliishi na mama yake, Saule, dada mkubwa wa Serikbol, mtaa wa pili kutoka sokoni. Saule alikuwa na mabinti wanne kabla ya kumpata huyo, na tangu alipompata hakuwahi kumwacha alie. Waswahili wana msemo wao, mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini huyu mama alipata bahati: waliolia walikuwa wajomba.

Geti lilikuwa wazi. Zaure alijiandaa kukuta gari linaoshwa na muziki unapigwa. Alikuta gari la Erkebulan, ndugu pacha wa lake kwa umbo, limesimama katikati ya ua likitazama ukuta, na chini yake theluji imelowa oili, doa kubwa kama sinia. Tairi tatu za Zaure ziling'aa, vichuma na vyote. Ya nne, mbele kushoto, ilikuwa ya Erkebulan mwenyewe, ndogo, ya zamani, upara mtupu.

Kijana mwenyewe alikaa kwenye ngazi, mikono mifukoni, midomo imevimba kwa hasira. Alimwona Zaure akasimama kwa heshima, maana adabu, ilishasemwa, alikuwa nayo.

"Salaam, mkaza mjomba. Umekuja kuomba radhi?"

"Nini?"

"Tairi zako zina kinyongo. Mjomba alitoa kwa moyo, lakini wewe ulinung'unika, si ndiyo? Jana natoka Almaty, niko mwendo mzuri, gari likaanza kulia. Karibu na mto Sharyn likapiga kelele, pa! Nimevutwa mpaka hapa na trekta. Giaboksi imekwisha. Kabla sijaweka tairi zenu lilikuwa zima kabisa!"

Zaure alikuwa amepanga maneno ya upole. Njia nzima aliyapanga, mwanangu hivi, mwanangu vile. Yote yalimtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Ungechukua nne!" alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaitika. "Ungechukua zote nne, mpumbavu wewe! Gari lako lingekuwa zima, langu ningeliweka juu ya mawe mpaka nipate nyingine! Au ungeacha zote nne! Wewe kwa adabu yako umeua lako na nusura uue langu! Nani kakufundisha kuhesabu mpaka tatu ukaishia hapo?"

"Mila inasema tatu," alisema Erkebulan, na sauti yake ilikuwa ya mtoto kabisa.

"Mila ilikuwa inasema farasi watatu! Farasi mmoja ni mzima peke yake! Tairi moja ni nini? Ukimwomba mjomba farasi, utachukua miguu mitatu umwachie mmoja?"

Hakungoja jibu. Alivuta jeki kutoka kwenye pikapu, akapiga magoti kwenye theluji, akalegeza nati ya kwanza kwa kuikanyaga spana. Ilitoa mlio mkali. Mlango ukafunguka, Saule akatoka na mikono yake ya unga.

"Wifi! Unafanya nini kwenye ua wangu?"

"Nachukua tairi zangu, wifi."

"Zilitolewa! Ndugu yangu alizitoa kwa mdomo wake na akambariki mwanangu!"

"Na zina faida gani hapo? Gari limekufa, litakaa hivyo mpaka wakati wa kiangazi. Mimi kesho nina abiria."

"Si suala la faida. Ni heshima." Saule alishuka ngazi, akapangusa unga kwenye aproni, akatoa simu. "Ngoja. Ngoja nimwite mwenye mke." Akaweka sauti ya nje, akainyoosha simu kama mtu anayeonyesha kitambulisho. "Serikbol! Mkeo yuko hapa anang'oa tairi za mwanangu mbele ya mtaa mzima. Sema naye!"

Zaure alisimamisha mkono, akasikiliza, kwa sababu, Mungu amsamehe, alitumaini.

"Zaure," ilisema simu, dhaifu, "ziache hizo. Rudi nyumbani tuzungumze."

Aligeukia nati ya pili.

"Umesikia?" alisema Saule. "Mumeo kakwambia. Sasa ondoka. Wewe ni mtu wa kuja, wifi, huyajui mambo haya. Haya ni ya ukoo wetu. Mjomba wa ukoo wetu kampa mpwa wa ukoo wetu. Wewe unaingilia wapi?"

Neno hilo Zaure alilijua. Miaka kumi na minane alilishwa neno hilo. Siku ya kugawa nyama aliambiwa asubiri, yeye ni mtu wa kuja. Baba mkwe alipokufa na wakagawana mifugo, aliambiwa akachemshe chai, yeye ni mtu wa kuja. Hata Akbota alipozaliwa, jina lilichaguliwa chumbani na yeye yuko jikoni, tumbo bado linamuuma. Kila mara alinyamaza na neno likaingia ndani likakaa.

Alisimama. Magoti yake yalikuwa yamelowa.

"Sawa, wifi. Umesema kweli. Mimi si wa ukoo wenu." Hakupiga kelele tena, na kwa kuwa hakupiga kelele, Erkebulan alirudi nyuma hatua moja. "Mama yangu si wa kwenu, baba yangu si wa kwenu. Mwanao si mpwa wangu na mimi si mjomba wake. Basi mkono wake unafika kwenye vitu vya Serikbol: farasi wa Serikbol, tandiko la Serikbol, kofia ya Serikbol. Gari ni langu. Karatasi zina jina langu. Nimelinunua kwa miaka kumi na mmoja ya kusugua masufuria. Kwenye gari langu mwanao hana mkono. Ana wizi tu."

"Usimwite mwanangu mwizi!"

"Basi chagua, wifi. Mimi ni wa ukoo, tukae chini tuzungumze kama watu wa ukoo, na mniulize kabla ya kugawa changu. Au mimi ni mtu wa kuja, na hizi tairi ni za mtu wa kuja. Chagua moja. Mbili hupati."

Majirani wawili walikuwa wamesimama getini na ndoo zao za makaa, na Saule aliwaona, na kila jibu aliloligusa lilimchoma. Mwishowe alisema, "Ukizitoa, usikanyage tena hapa."

"Nimesikia," alisema Zaure, akapiga magoti.

Erkebulan hakumzuia. Alipofika kwenye tairi ya tatu, kijana alichukua matofali mawili, akayasukuma chini ya gari lake lisianguke, bila kumtazama mtu. Zaure hakumshukuru. Alipakia tairi zake kwenye pikapu moja baada ya nyingine, nzito kila moja, na vidole vyake havikuwa na hisi tena.

Gereji, Ablimit alikuwa ameshatia oili mpya na kunyanyua gari. Mlangoni palifungwa dume mweusi, ametoka jasho mpaka povu, na ndani, kando ya jiko la makaa, alisimama Serikbol na barafu kwenye masharubu. Alikuwa amepanda kilomita kumi na nne bila kupumzika. Zaure alimpita kama anavyopita nguzo. Alishusha tairi ya kwanza, akaibingirisha.

Serikbol alichukua spana. Alifungua zile tatu nyeusi za Orynbay, akazitupa nje kwenye theluji, akafunga zile mpya, akitoa pumzi kwa kila nati. Ablimit alijifanya anatafuta kitu kabatini. Zaure alisimama juu ya mumewe, mikono kifuani.

"Hiyo hujakaza."

Alikaza.

"Na hiyo."

Alikaza tena. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, akisema na rimu na si na mkewe, alisema, "Saule kapiga tena. Kasema mimi si ndugu yake."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia gari ni lako. Nikamwambia nilitoa kitu kisicho changu." Aliipangusa rimu kwa kiganja. "Nimemwambia, Zaure. Kwa mdomo wangu."

Ablimit alishusha jeki. Gari lilikaa juu ya miguu yake minne, sawasawa, kama lilivyokuwa siku Zaure alipolinunua. Zaure alipitisha kiganja kwenye kila tairi, akamaliza kwa ile ya nyuma kulia. Ilimjia kwamba huenda angepaswa kulainika sasa. Alitafuta moyoni, hakuona pa kulainika.

"Ungemwambia Erkebulan," alisema, "siku ile aliponyoosha kidole."

Akaingia kwenye gari, akafunga mlango, akaanza kuwapigia simu abiria wa kesho.